Vioo vya Bwana Nyufa

Bwana Nyufa alikuwa mwoga, na mimi sioni sababu ya kumfichia. Woga wenyewe hakuuokota ukubwani. Tangu utotoni, radi ikipiga aliingia chini ya kitanda na hakutoka mpaka dada yake amvute mguu. Mbwa akibweka mtaa wa tatu, yeye alishabadilisha njia mtaa wa kwanza. Wenzake walimcheka wee mpaka wakachoka, naye hakuwajibu, maana aliujua usemi ambao wao waliusahau: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Basi Mungu ana mambo yake. Mtu wa namna hiyo akaja kuajiriwa kazi ya kuogopa kwa niaba ya wilaya nzima. Alikaa chumba namba saba, mwisho wa ukumbi wa ofisi za wilaya, nyuma ya mlango ulioandikwa Kitengo cha Tahadhari ya Maafa. Kitengo chenyewe kilikuwa watu wawili, yeye na mkuu wake. Chumbani mlikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofungika bila kupigwa teke, na ramani iliyofunika ukuta mzima. Kwenye ramani alichomeka pini: za buluu mahali panapofurika, za njano panapoungua, nyekundu panapoweza kuporomoka. Mgeni akiingia, Bwana Nyufa alimwuliza anakaa wapi, akamwonyesha kwa kidole, kisha akamweleza kwa upole ni kitu gani kinaweza kumuua pale. Baada ya muda watu waliacha kupitia chumba namba saba kusalimia.

Hesabu ya kazi yake ilikuwa nyepesi. Kila mahali palipewa alama mbili. Ya kwanza ya uwezekano: jambo hili linaweza kutokea kweli? Moja mpaka tano. Ya pili ya madhara: likitokea, litaumiza wangapi? Moja mpaka tano. Unazidisha. Ukipata kumi na tano au zaidi, watu wahame. Ukipata chini ya hapo, wakae, na wewe uendelee kwenda kupima.

Katika pini zote, moja ndiyo iliyomkalia rohoni. Ilichomekwa kwenye mtaa wa mlimani, nyumba arobaini zilizopangana kwenye mteremko, na juu yake mlima mtupu uliokatwa miti siku nyingi. Dada yake aliishi huko, nyumba ya tatu kutoka juu. Na huyu hakuwa dada wa kusalimiwa sikukuu hadi sikukuu. Mama yao alifariki Bwana Nyufa akiwa na miaka sita, na dada ana kumi na minne. Dada ndiye aliyempikia, aliyemwosha, aliyemshika mkono akimfundisha kuandika kwa mkaa sakafuni. Mpaka leo mwandiko wao ulikuwa mmoja, mtu hawezi kuutenganisha. Dada alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tano, na hakuwahi kuogopa kitu. Mume alikufa, watoto wakaenda kuanza maisha yao, yeye akabaki peke yake na nyumba yake, na mtaa mzima ukamfanya mama.

Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, nyufa zilianza kuonekana kwenye kuta za nyumba kumi na mbili za mtaa huo. Sasa ufa wenyewe si habari, nyumba gani haina ufa? Habari ni kujua kama ufa umelala au unatembea. Kwa hilo Bwana Nyufa alitumia kioo. Unachukua kipande chembamba, urefu wa kidole, unakigandisha kwa saruji kukatisha ufa, ncha moja huku na nyingine kule, unaandika tarehe kwa wino usiofutika. Kioo hakijui kupinda. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika. Ukikikuta kizima, ufa umelala, nawe unaweza kwenda kulala.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alipita nyumba hadi nyumba akiwakataza watu kuziba nyufa zao, tena akizibandika vioo, ndiyo sababu wakampa jina hilo. Alibandika vioo thelathini. Alipomaliza, woga ukamjia upya: watoto! Mtaa ule ulikuwa na watoto kama siafu, na kila mmoja ana mpira. Akawakusanya wazazi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, akajikaza, akatoa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Vioo hivi ni mali ya serikali," alisema. "Sitaki kukuta hata kimoja kimevunjika. Kikivunjika, mwenye nyumba atakuja kunieleza ofisini."

"Na kikivunjwa na paka?" aliuliza fundi cherehani, mtu asiye na mke wala mtoto, ila paka na utani. "Paka aje ofisini?"

Watu walicheka. Bwana Nyufa hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kwake kumtisha mtu, na ilimkolea. Alisahau kuwaambia jambo moja dogo, kwamba kioo kile kazi yake ni kuvunjika.

Kuanzia hapo, kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi alipanda mlimani. Hakwenda kwa kushtukiza, mtu mstaarabu haingii vyumbani mwa watu bila hodi. Siku mbili kabla alimpa dada taarifa, na dada akawaambia majirani. Akifika alikuta nyua zimefagiliwa na kuta zimefutwa vumbi. Alikagua kioo kimoja kimoja, akaandika: vioo thelathini, vyote vizima, hakuna mabadiliko. Uwezekano, moja. Madhara, tano. Moja mara tano ni tano. Watu wakae. Akatia saini.

Hata hivyo woga haukumwacha. Aliona nguzo ya umeme imeanza kuinama. Aliona geti la nyumba ya juu linaburuza chini na zamani halikuwa hivyo. Aliona chemchemi ya chini ya mtaa inatoa maji ya tope wakati wa kiangazi. Kila akiuliza, dada alimcheka.

"We mtoto, geti bovu nalo unaliogopa? Vioo vyako si vizima?"

"Vizima, dada."

"Basi kunywa chai."

Akanywa chai. Mwoga akipata kitu cha kumtuliza hukikumbatia kwa mikono miwili, na yeye alivikumbatia vioo vile. Mara ishirini na nne alipanda, mara ishirini na nne akatia saini.

Msimu wa mvua wa mwaka wa tatu ulianza na fujo. Jumanne moja mchana, Bwana Nyufa alikwenda kwa mkata vioo kuchukua vipande vipya vya kubandika kwenye ukuta wa zahanati. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, vioo vikubwa vimeegemezwa ukutani, meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu, na chini ya meza sanduku la vigae vya kioo. Mkata vioo alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

"Vipande vya kidole?" alisema. "Ngoja nikukatie. Vile vilivyokuwa tayari ameshapita navyo yule mama."

"Mama yupi?"

"Yule mrefu wa mlimani, anayecheka sana. Mteja wangu wa siku nyingi. Zamani alikuwa anachukua kimoja, viwili, anakaa miezi. Sasa ndani ya wiki moja tu amekuja mara tatu. Leo nimemwuliza, mama, huko mnavila?"

Bwana Nyufa alishika ukingo wa meza.

"Mwezi huu amechukua vingapi?"

Mkata vioo alishusha miwani ya kichwani ili afikiri vizuri. "Kumi na sita. Kumi na saba na kile alichosema kilimponyoka. Vipi, ndugu, mbona umebadilika rangi? Kaa basi kwenye kigoda."

Hakukaa. Alitoka bila vioo wala mwavuli. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na yeye ambaye hakuwahi kukimbia ila kukimbia kitu, siku hiyo alikimbia kuelekea kwenye kile alichokiogopa.

Alimkuta dada jikoni, anachambua mboga, ungo magotini.

"Alhamisi bado," dada alisema. "Na mvua hii! Utaugua."

"Dada, vioo. Umevinunua vya nini?"

Dada akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Akaweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilishakauka.

"Nani kakwambia? Yule mwenye miwani? Sikutaka ujue, mdogo wangu. Watoto wetu watundu. Wewe ulisema ni mali ya serikali, kikivunjika ni kesi. Nikajua hiyo kesi itakurudia wewe, wataona vifaa vyao unaviacha vinavunjwa hovyo. Nikawaambia majirani, kikivunjika nileteeni mimi, msimwambie mtu. Nanunua kingine, naandika tarehe ile ile, nabandika. Mwandiko si wetu sote?"

"Vingapi, dada? Tangu mwanzo."

"Sijui vingapi, ila vyote ninavyo. Mali ya serikali haitupwi."

Akaingia chumbani, akatoka na kopo kubwa la rangi lililofunikwa kitambaa, na daftari la shule. Kopo lilijaa vioo vilivyokatika, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi. Daftari lilikuwa na jina juu yake, limeandikwa kwa ule mwandiko wa mkaa: Watundu. Dada, mwanamke wa utaratibu, kwa miaka miwili alikuwa ameandika kila kioo kilichovunjika, siku gani, nyumba ya nani, na mtoto gani alituhumiwa, ili haki itendeke.

Bwana Nyufa alisoma akiwa amesimama, maji yakimchuruzika kwenye kurasa. Mwaka wa kwanza, vitatu. Kisha kimoja kila mwezi. Kisha viwili. Mwezi uliopita, sita. Mwezi huu, kumi na saba na mwezi haujaisha. Aliona majina. Mtoto wa nyumba ya tisa ameandikwa mara tatu, na moja ya siku hizo alikuwa amelazwa hospitali. Nyumba ya pili ameandikwa mtoto wa miezi minane. Paka wa fundi cherehani ameandikwa mara tano.

"Dada," alisema. "Watoto walifanywa nini?"

"Walichapwa. Si sana. Wengine walikataa katakata, wakaongezewa kwa uongo."

"Hawakuvunja. Mlima ndio unavunja."

Dada alitazama daftari, akatazama ukuta. Mkono ukamwenda mdomoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, na Bwana Nyufa anafanya hesabu asiyotaka kuifanya. Uwezekano, tano. Madhara, tano. Kwa muda wa miaka miwili mlima ulikuwa unamwambia, nao watu wanaompenda walikuwa wanaufunga mdomo.

"Ukiyapeleka haya ofisini, wewe utakuwaje?" dada aliuliza.

"Watanifukuza."

"Basi usiyapeleke. Tutahama wenyewe taratibu, mvua zikipungua."

"Hazitatungoja."

"Na mimi nikitoka leo, watauliza, huyu si dada wa yule aliyekuwa anapima? Alijua nini? Mimi sitoki. Sikukulea ili nije nikuangushe."

Jumatano asubuhi aliliweka kopo juu ya meza ya mkuu wake, na daftari juu ya kopo. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye desturi ya kusoma kila kitu kuanzia ukurasa wa mwisho. Alifika kwenye paka, akatabasamu. Akaendelea kusoma, tabasamu likakauka.

"Umetia saini mara ishirini na nne," alisema.

"Ndiyo, mkuu."

"Hukuwahi kuwaambia kioo ni cha nini?"

"Niliwaambia kisivunjike."

Mkuu alivua miwani, akajisugua macho kwa muda. Kisha akavuta fomu mpya, akaandika tano mara tano, akasaini mwenyewe.

"Nenda kawatoe. Nitawafungulia madarasa ya shule ya huko chini. Mambo yako na mimi, baadaye."

Ni rahisi kumwambia mtu akae. Kumwambia atoke, hapo ndipo utakapojua kama unapendwa. Alianzia nyumba za chini. Nyumba ya kwanza walimkaribisha vizuri, wakamsikiliza, wakamwuliza swali moja tu: si wewe uliyetuambia tukae? Nyumba ya pili walicheka. Ya tatu mwanamume alimwambia kwamba mtu aliyekuwa anakimbia mbwa utotoni hawezi kumhamisha yeye na kitanda chake. Bwana Nyufa alisimama mbele ya milango ile, na kila alipogeuka aliuona mlima juu yake, mweusi kwa maji.

Mwishowe akaacha kusihi. Akafungua daftari, akaanza kuwasomea. Tarehe, nyumba, jina la mtoto. Tarehe, nyumba, jina la mtoto. Mama mmoja wa nyumba ya tisa alimsikiliza mpaka mwisho wa mstari wake, akasema, "Siku hiyo mwanangu alikuwa wodini." Akarudia tena, polepole, kama anayehesabu. Kisha akaingia ndani, akambeba mtoto ambaye alishakuwa mkubwa wa kutembea, akashuka naye kwenye mvua bila kuchukua hata kiatu. Wengine wakamtazama anavyoshuka. Kufika adhuhuri, magodoro yalikuwa yanateremka mlimani juu ya vichwa vya watu.

Fundi cherehani alishuka na paka kifuani. "Nilimsingizia mnyama wa watu," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Alhamisi saa kumi jioni nyumba thelathini na tisa zilikuwa tupu. Ya arobaini ilikuwa ya dada.

Alimkuta amekaa sebuleni, amevaa vizuri, mikono mapajani. Pembeni yake ukutani palikuwa na ufa ulioshuka kutoka darini hadi sakafuni, na juu yake kioo kipya alichokibandika Jumanne.

"Nimeshasema sitoki," dada alisema. "Mimi ndiye niliyekuangusha, nitawatazamaje watu huko chini? Wewe nenda. Wewe unaogopa."

"Naogopa sana," alisema. "Sijawahi kuogopa hivi."

Kisha akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyemfahamu asingeliamini. Akavuta kiti, akakiweka chini ya ufa, akakaa. Mgongo wake ulikuwa unagusa ukuta.

"Unafanya nini?"

"Nakaa. Wewe ukikaa, nakaa."

"Toka hapo!"

"Simama kwanza wewe."

"We mtoto, usinifanyie utoto!" Kwa mara ya kwanza sauti ya dada ilipanda. Hakuogopa mlima, hakuogopa serikali, lakini mdogo wake chini ya ukuta ule lilikuwa jambo jingine. Alisimama nusu, akakaa tena. Mvua ilikuwa imepungua, nyumba nzima ilikuwa kimya, mtaa mzima haukuwa na mtoto hata mmoja.

Ndipo kioo kikavunjika.

Hakikupiga kelele. Kililia mara moja, sauti kavu na ndogo, kisha nusu moja ikaning'inia kwenye saruji yake. Dada alikuwa ameviokota vioo vile kwa miaka miwili, na hakuwahi kukisikia hata kimoja kikivunjika. Alikitazama. Akatazama chumba, huku na huku, kama bado anatafuta mtoto wa kumlaumu. Uso wake ulibadilika, na Bwana Nyufa akauona kwa dada yake woga, jambo ambalo hakuwahi kuliona, na lilimtisha kuliko ukuta.

"Twende," dada alisema.

Mlango ulikataa. Alipoingia ulifunguka vizuri, sasa ulikuwa umebanwa juu na chini kama uliopigiliwa misumari. Alivuta yeye, akavuta dada, wakavuta wote wawili mpaka kitasa kikawabaki mkononi. Fremu ilikuwa imepinda. Nyumba ilikuwa inasogea nao ndani yake.

"Dirisha la jikoni!" dada alisema. Alimsukuma mdogo wake mbele, kwa nguvu, mkono mgongoni. Yeye akakataa, akajishikilia kwenye meza, wakagombana pale pale jikoni nani atangulie, watu wazima wawili wenye mvi. Mwishowe Bwana Nyufa alipiga kelele ambayo hajawahi kumpigia dada yake, na dada akapita kwanza. Alikwaruzwa bega na upande wa nyonga. Yeye alimfuata kichwa mbele, akaangukia kwenye tope, wakashuka wakishikana mikono bila kutazama nyuma.

Mlima haukuanguka jioni hiyo. Haukuanguka Ijumaa, ingawa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi jua likatoka, jua zuri la kuanikia nguo, na kwenye madarasa ya shule maneno yakaanza. Mbona uko pale pale? Nani atatulindia vitu? Bwana Nyufa alisimama barabarani, mahali njia inapoanza kupanda, akiwaeleza kwamba maji yaliyoingia ardhini hayajatoka, kwamba jua si ruhusa. Wengi walirudi darasani kwa kunung'unika. Fundi cherehani hakurudi.

"Nimeacha cherehani na suti ya bwana harusi," alisema. "Harusi ni kesho. Dakika kumi."

"Usiende. Nakuomba."

"Dakika kumi tu, Bwana Nyufa. Nishikie paka."

Akamkabidhi paka, akapanda akipiga mluzi. Bwana Nyufa alitaka kumfuata. Alitaka kumshika shati amrudishe. Aliinua mguu, mguu ukakataa. Nasema kweli yote kama nilivyosema mwanzo: alishindwa. Woga wote aliouweka pembeni siku ya Alhamisi ulikuwa umerudi na wenzake, na hapo barabarani hapakuwa na dada wa kumtoa.

Saa nne na robo, mlima uliondoka. Ulianza juu, polepole, miti michache iliyobaki ikitembea wima kama watu, kisha ukawa mwendo mmoja, na sauti yake ilifika baadaye. Ilipotulia, nyumba kumi na tisa hazikuwapo, na kibaraza cha fundi cherehani hakikuwapo. Paka alimkwaruza Bwana Nyufa mkono mzima, naye hakumwachia.

Ripoti aliiandika mwenyewe. Aliandika vioo, hotuba yake kibarazani, saini ishirini na nne, na mguu uliokataa. Mkuu aliisoma kuanzia mwisho, akaipeleka juu kama ilivyo. Bwana Nyufa alingojea kufukuzwa, na nadhani alitaka iwe hivyo. Ikarudi na karipio kali na amri ya kuendelea na kazi. Mkuu alisema hakumpata mwingine anayeogopa vya kutosha.

Dada alihamia kwake, kwenye chumba na sebule alichopanga bondeni. Kicheko chake hakikurudi. Kijiko kikianguka, alisimama. Mlango ukigoma kidogo kwa unyevu, alitoka nje kabisa na hakuingia mpaka ufunguliwe wote. Jumapili ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mvua ilianza tena, na mto uliopita nyuma ya nyumba ukaanza kusikika. Dada alikuwa anaosha vyombo. Alifunga bomba, akasikiliza.

"Mdogo wangu," alisema, "hapa kwako pamepata ngapi?"

Bwana Nyufa alikuwa anafuta viatu. Akachukua kiatu cha pili.

"Umepima wilaya nzima. Hapa pamepata ngapi?"

"Sijapapima."

"Umekaa miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na hujapima?" Dada alimgeukia, mikono ikidondosha povu. "Wewe?"

"Nikijua, nitahamia wapi, dada?"

Lilikuwa swali ambalo wale wa mlimani wote walimwuliza kwa njia moja au nyingine, naye kila mara alikuwa na fomu ya kuwajibu. Dada hakuwa na fomu. Alikausha mikono, akaliendea begi la kazi lililotundikwa nyuma ya mlango, akatoa futi ya kamba ya kupimia. Akajaribu kuivuta, ikamshinda, ikabidi mdogo wake ainuke amsaidie kuitoa ncha.

"Shika huku," dada alisema. "Tuanzie mtoni."